Nyota moja kwa ofisi iliyonipokea vizuri kuliko zote Lubumbashi

Nianze na mazuri yao, asije mtu akasema mama huyu ana chuki tu.

Kwa miaka 26 sasa nauza bitenge katika soko la Kenya (Kenya yetu, komini ya Lubumbashi, si ile nchi ya Nairobi). Kwa biashara hiyo nimepanga foleni katika ofisi nyingi: za kodi, za forodha kule Kasumbalesa, za maji, za umeme, za shule. Nimezoea kusimama. Nimezoea kuambiwa mkubwa ametoka. Nimezoea kutoa matabishi ili karatasi yangu itoke chini ya rundo ipande juu. Kwa hiyo nilipopanda ngazi za ofisi hii ya safari na ajira za ng'ambo, Aprili 2024, nilikuwa nimefunga noti mbili za dola tano kwenye pindo la kitenge, tayari kwa yale yale.

Noti zile nilirudi nazo nyumbani. Kijana wa mapokezi alisimama alipotuona. "Mama, ikala kwanza, upumue," akaniletea kahawa, tena kwenye kikombe chenye kisahani. Umeme ukakatika tukiwa katikati ya mazungumzo, jenereta ikawaka kabla feni haijamaliza kuzunguka. Hakuna aliyepandisha sauti, hakuna aliyeniomba kitu. Mapokezi, kama ningekuwa natoa alama kwa mapokezi peke yake, ningewapa nyota tano na ya sita ningeichora mwenyewe.

Risiti zao pia. Ninazo hapa mezani ninapoandika. Kufungua faili, dola 150. Visa, 300. Tiketi, 1,150. "Maandalizi ya ajira", 400. Jumla 2,000, muhuri wa bluu, saini, tarehe. Nimefanya biashara na watu wa Guangzhou na Dubai ambao hawajawahi kunipa karatasi safi namna hii. Nyuma ya risiti kuna maandishi madogo mawili. La kwanza: avansi, yaani malipo ya awali, hairudishwi. La pili: mteja akituletea mwenzake, hupewa dola 100. Hilo la pili mniwekee, nitalirudia.

Aliyekuwa anasafiri ni mtoto wa mdogo wangu. Ananiita mama mkubwa, na kwa kuwa baba yake alifariki akiwa bado darasa la tatu, ni mtoto wangu kama wale niliowazaa. Ana miaka 24. Alisoma Ndola, Zambia, miaka mitatu, Kiingereza kinamtoka kama maji, na vidole vyake kwenye kompyuta havionekani. Kazi iliyotangazwa ilikuwa Bangkok: kujibu wateja kwa kompyuta, mshahara dola 1,200 kwa mwezi, chumba na chakula bure. Huku alikuwa anapiga chapa barua za watu chini ya mwavuli, franga 500 ukurasa.

Walimfanyia mtihani wa kuandika haraka na mtihani wa kuzungumza. Kisha yakaja maswali ambayo siku ile yalinifurahisha. Baba yuko hai? Mama anafanya nini? Nyumba ni yenu au mnapanga? Nani katika ukoo ana biashara? Nikanyoosha mkono mimi, kwa majivuno kabisa. "Mimi. Bitenge. Zaidi ya miaka ishirini." Kijana akaandika. Nilidhani wanatafuta mdhamini, kama benki. Kumbe walikuwa wanapima ng'ombe wa kukamua.

Safari yenyewe, sina lawama. Chanjo ya homa ya manjano walitukumbusha wenyewe. Visa ilitoka. Siku ya kuondoka, Juni, kijana yule alikuja uwanja wa ndege wa Luano na gari lake, akabeba sanduku mpaka mlangoni. Ndege ikaenda Addis Ababa, kisha Bangkok, na Bangkok alikuwepo mtu ameshika karatasi yenye jina la mtoto wetu, limeandikwa sawasawa bila kosa. Mtu wa Lubumbashi atanielewa: mara ngapi umelipia kitu mjini hapa kikafika siku iliyosemwa, saa iliyosemwa?

Vitu viwili tu vilinigonga, nikavipuuza. Kwenye pasipoti visa ilikuwa ya utalii. Nilimuuliza kijana, mtu anayekwenda kazini anaingiaje kama mtalii? Akasema ni ya kuingilia tu, ya kazi hubadilishwa huko huko. Kwenye mkataba jina la kampuni lilikuwepo, lakini anwani haikuwepo, wala namba ya nyumba, wala mtaa. Mimi siuzi hata dazeni moja ya bitenge kwa mkopo kabla sijajua mlango wa mtu ulipo. Siku ile nilisahau kazi yangu mwenyewe. Kahawa ilikuwa tamu.

Wiki ya kwanza alituma picha: barabara, mnara, sahani ya wali. Wiki ya pili simu ikawa haishikwi ila usiku, dakika tatu, na sauti yake imenyooka kama mtu anayesoma. Yuko salama, anafanya kazi sana, atatuma pesa mwisho wa mwezi. Mwezi ukaisha. Wa pili nao.

Agosti ukaingia ujumbe wa maandishi. Ninao bado. "Mama mkubwa, usiwe na wasiwasi, huku tuko vizuri, tunakula bukari na sombe kila siku."

Nilikuwa sokoni, nimeshika mita, namkatia mteja yadi sita. Nikausoma mara ya pili, kisha nikakaa juu ya mzigo. Mtoto huyu hajala sombe, yale majani ya muhogo, tangu akiwa na miaka sita. Ikigusa midomo yake inavimba, mji mzima unajua, hata msibani tunampikia maharagwe yake pembeni. Na bukari, ugali wetu, Bangkok inatoka wapi? Alikuwa ananiambia kitu, na aliyesimama nyuma yake hakijui kitu hicho. Mteja akaniuliza, mama, yadi ngapi sasa? Sikuweza kuhesabu.

Yaliyotokea tulikuja kuyajua kidogo kidogo, mengi baada ya yeye kurudi, na mengine bado hajayasema. Bangkok hakulala hata usiku mmoja. Picha zile za barabara na mnara alipigwa akiwa njiani. Gari lilikwenda magharibi, karibu kilomita 500, mpaka mji wa Mae Sot mpakani. Usiku wakavushwa mto Moei kwa mtumbwi. Ng'ambo ya mto ni Myanmar, karibu na Myawaddy, na upande ule serikali haina nguvu kama wanamgambo wenye bunduki. Huko kuna majengo yenye uzio wa seng'enge yaliyojengwa kwa kazi moja: kutapeli dunia nzima kwa simu. KK Park ndilo linalotajwa sana redioni. Alikopelekwa yeye ni kwingine, padogo. Agosti 2023, yaani miezi kumi kabla hajaondoka, Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikuwa imeshaandika kwamba huenda watu 120,000 wanashikiliwa Myanmar kwa kazi hiyo, na kama 100,000 Kambodia. Ripoti imo mtandaoni, bure. Mimi nililipa dola 150 za kufungua faili.

Kazi ilikuwa hivi. Kila mmoja anapewa simu kadhaa, na kwenye kila simu wewe ni mwanamke mzuri mwenye pesa. Mtoto wetu mwenye ndevu alikuwa binti wa miaka 29 anayeishi Los Angeles na kuuza mapambo. Kuna karatasi za kufuata, siku ya kwanza useme nini, siku ya tatu nini. Wiki mbili za mwanzo ni marufuku kutaja pesa. Salimia tu. Uliza amelalaje. Akitaka kukuona kwenye video, anaitwa msichana wa kweli kutoka chumba kingine, anakaa mbele ya kamera, anacheka, anarudi kwake. Pesa hutajwa baadaye, kwa mbali, kama mtu anayesema mjomba wangu ananifundisha biashara ya sarafu za mtandao. Mtu anaweka kidogo, anaiona inazaa, anaruhusiwa hata kutoa dola 200 ili aamini. Kisha anaweka ya nyumba. Wachina wenyewe wanaita kuchinja nguruwe: unamlisha anenepe kwanza. "Mama mkubwa," aliniambia, "sisi tulikuwa walishaji."

Saa kumi na tano, kumi na sita kwa siku, usiku wao ili iwe mchana wa Marekani. Kuchelewa dakika tano, faini. Choo mara ya tatu, faini. Asiyeleta mtu mpya kwa wiki husimamishwa juani, au hupelekwa kwenye chumba ambacho hajanieleza, ananionyesha tu alama kwenye mbavu. Na hesabu yao! Hapa mimi kama mfanyabiashara ndipo nilipokosa pumzi. Siku ya kwanza walimfungulia daftari la deni: gari, chakula, kitanda, na tiketi ya ndege, dola 1,150. Tiketi ile ile ambayo risiti yake ninayo mimi. Niliilipa Lubumbashi, wakamwandikia yeye tena Myanmar.

Nililala na jambo hilo siku nyingi. Nilijiona mteja. Nilikunywa kahawa ya mteja, nikakaa kiti cha mteja. Mteja wao alikuwa mwingine, ng'ambo ya mto, na bidhaa ilikuwa mtoto wangu, na mimi nililipa usafiri wa bidhaa yao mpaka dukani. Katika miaka 26 sijaona muuzaji mwerevu hivyo.

Kati ya waliotapeliwa alikuwepo mzee mmoja wa Ohio, Marekani. Mtoto wetu humtaja bila kuulizwa, tukila, tukifua, popote. Mzee amefiwa na mke, fundi bomba mstaafu, ana mbwa kiziwi. Aliuza mashua yake ya kuvulia samaki, kisha akachukua ya uzeeni, jumla dola 41,000. Siku pesa zilipoingia walipiga ngoma. Ndiyo desturi yao pale, fedha nyingi zikiingia ngoma inapigwa, ukumbi mzima unashangilia, aliyefanikiwa anapewa kuku mzima. Mtoto wetu akamla yule kuku. Alikuwa na njaa. "Yule mzee alikuwa ananiuliza kila siku kama nimekula," ananiambia. Siku hizi parokiani Jumapili ngoma zikianza kwenye Utukufu anatoka nje, anasimama chini ya mwembe mpaka ziishe. Watu wanadhani ameingia dini nyingine.

Septemba wakanipigia wale waliomshika. Sauti ya Kiingereza, kisha ya mtoto wetu inatafsiri maneno ya yule anayemtisha, kwa Kiswahili chetu, polepole. Dola 6,000 anatoka. Walijua nina duka la bitenge. Nilikuwa nimeliandikisha mwenyewe kwa kidole juu.

Sasa nisifie huduma moja ya kweli, kwa sababu huu ni uhakiki na haki lazima itendeke. Pesa walizitaka kwa tetha, ile sarafu ya mtandao inayofuata thamani ya dola. Mimi najua franga, dola na kwacha ya Zambia. Nikaelekezwa kwa kijana mmoja anayeuza salio na kubadilisha pesa za simu, meza ya mbao, mwavuli mwekundu umechanika upande. Akanitazama usoni, akaniuliza kabla ya lolote: "Mama, unamjua unayemtumia?" Nikamwambia namtumia mwizi. Akanyamaza. Akanieleza kwamba hizi zikienda hazirudi, hakuna ofisi ya kulalamika, hakuna namba ya kupiga. Akaniomba nilale nazo kwanza. Sikulala nazo.

Walikuwa wametuma anwani ya kupokelea pesa, herufi na namba 34, ya kwanza T kubwa. Akanitaka nimsomee kwa sauti huku yeye akifuata kwa kalamu, mara mbili, kama tunavyohakiki namba za marobota kule Kasumbalesa. Akatuma dola kumi kwanza, kujaribu. Tukangoja. Muuza maandazi alipita, mvua ikataka kunyesha ikaacha. Zikafika. Ndipo tukatuma zilizobaki: 3,500 kwa jumla. Ndizo zilizokuwepo baada ya mimi kuuza mzigo wote wa bitenge vya nta na mdogo wangu kuuza kiwanja chake. Kijana yule nampa nyota nne. Ya tano nimemnyima kwa sababu alinikata asilimia mbili, dola 70, huku ananiona nalia.

Hawakumwachia. Wiki mbili baadaye aliuzwa kwa uzio mwingine, akaanza daftari jipya la deni, na humo ndani waliandika bei aliyonunuliwa.

Yaliyomtoa si pesa yangu. Januari 2025 mwigizaji mmoja wa China alipotelea huko huko akaokolewa, kelele zikawa nyingi, na Februari 5 Thailand ikakata umeme, mafuta na intaneti iliyokuwa inavuka kwenda sehemu tano za mpaka ule. Wiki moja baadaye wanamgambo wakawavusha watu 260, zaidi ya nusu yao Waethiopia. Baadaye wakatolewa maelfu, zaidi ya 7,000, wakawa wanangoja kambini upande wa Myanmar bila dawa ya maana, kila mmoja akisubiri nchi yake imtafutie ndege. Wachina waliondoka kwa ndege za kukodi, wamepangwa mistari. Waafrika walikaa. Mtoto wetu alikaa wiki saba, na tiketi ya kurudi tulinunua sisi, dola 940.

Pale Thailand kabla ya kuondoka aliwekwa kwenye meza moja na watu watatu. Swali lilikuwa moja katika sura nyingi: wewe ni mwathirika au ni mtapeli? Jibu lina uzito. Wakikuona mwathirika, unalindwa. Wasipokuona hivyo, umevunja sheria ya uhamiaji kama mtu mwingine, na nchi ile aliyepitisha siku za visa hutozwa baht 500 kwa kila siku mpaka zifike 20,000. Akasimulia kila kitu. Wakamwuliza, ulitapeli watu wangapi? Akasema sijui, labda thelathini. Mwenzake, Mkenya (wa Nairobi huyu), alimkanyaga mguu chini ya meza ili asitaje idadi. Lakini nimemlea hivyo, akiulizwa anajibu. Walimwandika mwathirika. Mkenya naye.

Lubumbashi hakuandikwa hivyo. Ofisi moja ya Serikali, nayo sitaitaja, ilimwita siku ya tatu tangu arudi. Nilikwenda naye. Hakukuwa na kahawa. Mkubwa pale alimwuliza swali moja mara nyingi: pesa za wazungu umezificha wapi? Akachukua simu yake, ikakaa wiki tatu. Mtaani wakamwita eskroki, yaani tapeli. Binamu yake mwenyewe, kwenye michopo, nyama za kuchoma, siku ya Jumamosi, mbele ya watu, akamwuliza kama anaweza kumfundisha. Alikuwa hatanii.

Mwanasheria mmoja wa parokia yetu ndiye aliyenipa maneno. Sikumlipa, kwa hiyo simpi nyota, ninampelekea sombe mwezi kwa mwezi. Alinieleza kwamba Protokali ya Palermo, mkataba wa kupinga usafirishaji wa watu uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2000, inasema mtu aliyenaswa kwa hila au vitisho, kukubali kwake hakuhesabiki. Mtoto alipanda ndege kwa miguu yake, ndiyo, alisaini, ndiyo. Haihesabiki. Ulaya sheria yao ya 2011 inataja wazi kumlazimisha mtu afanye uhalifu kuwa ni unyonyaji, sawa na kumlazimisha kazi nyingine. Akanisimulia kesi ya vijana wawili wa Vietnam, waliokutwa Uingereza mwaka 2009 wakitunza bangi ndani ya nyumba, bado wadogo kisheria. Wakafungwa. Miaka kumi na mbili ilipita, na Februari 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyoko Strasbourg, ikasema Uingereza ilikosea: ilipaswa kwanza kuuliza nani aliwaweka mle ndani. Na kwetu? Kongo nayo ilitunga sheria yake juu ya usafirishaji wa watu Desemba 2022, na tangu 2019 kuna shirika la Serikali la kupambana na usafirishaji huo, APLTP. Nikamwuliza, mkubwa wa ile ofisi anaijua sheria hiyo? Akacheka kidogo, akaomba maji.

Lakini sisi wa mji huu tungehitaji Strasbourg kweli? Aprili 1997 nilikuwa msichana, nimesimama barabarani, kadogo, wale askari watoto, wakaingia Lubumbashi na viatu vyao vya mvua, bunduki zinawazidi urefu. Walikuwa wameua huko walikotoka, kila mtu alijua. Mama yangu aliwapa maji. Alimwuliza mmoja, mama yako yuko wapi? Hakumwuliza ameua wangapi. Kwa kadogo tulielewa bila mwanasheria. Wa kompyuta inatushinda kwa sababu mkononi ana simu na amevaa shati safi.

Basi ile dola 100.

Julai 2024, mtoto yuko ng'ambo, picha za mnara ziko kwenye simu yangu, nilimwonyesha jirani yangu. Ana binti anayesuka nywele, msichana mwepesi, Kiingereza kidogo. Nikawasifia ile ofisi kama ninavyoisifia hapa juu: kahawa, jenereta, risiti. Nikawapeleka mwenyewe, tukapanda ngazi watatu. Jirani akatoa avansi, dola 400, za kikundi chao cha kuweka akiba. Kijana wa mapokezi akaniita pembeni, akanipa noti moja ya mia, mpya, nikaisaini. Nikanunua kilo tatu za nyama nikarudi nyumbani naimba.

Mtoto aliniambia baadaye kwamba kule ndani nako ndivyo. Ukileta mwenzako kutoka kwenu, deni lako linapungua. Wengine walileta wadogo zao. Walimwambia alete watatu atoke, akasema hajui mtu. Yeye hakuleta hata mmoja, amefungwa na anapigwa. Mimi nilileta mmoja nikiwa nimeshiba.

Siku ya ujumbe wa sombe nilitoka sokoni na mita yangu shingoni, nikapanda zile ngazi mbili mbili. Kahawa wakaniwekea, sikuigusa. Nilidai vitu viwili: mtoto wangu, na pasipoti ya binti wa jirani. Kijana hakupandisha sauti hata hapo. Mtoto, alisema, yuko salama, ni mtandao tu. Pasipoti alifungua droo akanipa, na kwenye avansi akageuza risiti akaweka kidole juu ya yale maandishi madogo. Tarehe ya safari ya yule msichana ilikuwa imebaki siku kumi na tisa.

Oktoba ofisi ilifungwa. Mwenye jengo ananiambia hawakumdai wala hakuwadai, walilipa kodi mpaka siku ya mwisho na kuacha mahali pamefagiwa. Sasa kuna fundi cherehani. Vikombe vya visahani waliviacha, anavitumia kuwekea vifungo.

Jirani nilimpelekea ile mia jioni ya siku ile ya ujumbe wa sombe. Hakuniuliza imetoka wapi, aliihesabu tu kama mtu anahesabu noti nyingi, akasema: "Bado mia tatu, dada." Kweli. Binti yake anasuka pale pale mlangoni, mtoto wetu hupita akamsalimia, hukaa kwenye benchi wakaongea kidogo. Kikundi chao kinakutana Jumamosi, nami hupeleka nilichonacho. Mpaka Jumamosi iliyopita nimelipa 310. Bado 90.